Nyuki wa mama mmoja wanauana mlangoni. Wanatambuana kwa kitu gani?

MwanaManzuki (Sikonge)

Wakuu salaam. Naomba kueleweshwa jambo ambalo limenikaa kichwani tangu masika yaishe.

Nina mizinga ya fremu na michache ya magogo huku Sikonge, pembeni ya msitu. Kundi moja lilijaa kupita kiasi, nyuki wakawa wanalala nje kwa kukosa nafasi. Nikaligawa kabla halijagawanyika lenyewe. Nusu yenye malkia ikabaki palepale. Nusu nyingine nikaiachia fremu zenye mayai ili wajitengenezee malkia wao, nikaupeleka mzinga kwa shemeji yangu ng'ambo ya mto, mbali vya kutosha wasirudi nyumbani. Malkia mpya alipoanza kutaga nikaurudisha manzukini, pale ninapoweka mizinga yangu, na kuuweka jirani na ule wa zamani.

Kesho yake baadhi ya nyuki wa mzinga uliorudi wakapotea njia, wakatua kwenye mlango wa jirani. Walinzi wakawavaa. Nilichuchumaa pembeni nikitazama: mmoja kang'ang'ania bawa kwa meno, mwenzake kapanda mgongoni anakunja tumbo kutafuta pa kuchoma, wanaviringishana hadi kwenye majani. Jioni maiti zilikuwa zimetapakaa chini ya mzinga.

Kinachonishangaza ni kwamba watoto wa malkia mpya walikuwa bado wamo kwenye vyumba vyao. Hao waliouana wote ni mabinti wa malkia mmoja, wengine wamelelewa kwenye fremu moja. Halafu nikachukua nyuki wachanga kutoka mzinga huohuo uliorudi, wale wenye manyoya ya kijivu ambao hata kuruka hawajui, nikawakung'utia kwenye mlango uleule. Mlinzi kawapapasa kwa papasi zake, zile nyuzi mbili za kichwani, kawaacha wapite. Hakuna aliyeguswa.

Kijana wangu yuko kidato cha nne, anasema amesoma mahali kwamba nyuki hutambuana kwa sababu ya bakteria wa tumboni. Nikacheka. Tumbo na pua wapi na wapi? Mwenye ujuzi anieleweshe, tena kwa Kiswahili cha mfugaji.

FundiMizinga

Mkuu, bakteria gani tena jamani. Kila mzinga una nta yake na malkia wake, basi. Nyuki wako wamekaa kwa shemeji wakajenga masega mapya na malkia mpya, wamerudi wananuka nyumba nyingine, wamepigwa. Wachanga hawana harufu yoyote ndiyo maana wamepita. Mimi nimetengeneza mizinga tangu ujana wangu na sijawahi kuona bakteria mlangoni.

Ukitaka kuwaunganisha tena weka gazeti katikati ya maboksi mawili, toboa vitundu kwa msumari, wao watalitafuna wenyewe polepole. Likiisha wameshazoeana.

AsaliMbichi

Samahani kuingilia uzi, lita moja huko Sikonge mnauzaje kwa sasa?

MamaItigi

MwanaManzuki, kijana wako usimcheke, mnunulie soda. Fundi naye hajakosea, ila ameshika nusu ya habari.

Mimi nilikuwa fundi wa maabara hospitalini kabla ya kustaafu na kuhamia kwenye nyuki huku Itigi, kwa hiyo bakteria nimewazoea kabla ya malkia. Nianze na kile ambacho mlinzi wako anakinusa. Mwili wa nyuki umepakwa utando mwembamba wa mafuta yenye nta unaomzuia asikauke. Ndani yake mna kemikali nyingi za jamii ya haidrokaboni, na kila mzinga una vipimo vyake: hii imezidi kidogo, ile imepungua kidogo. Mlinzi anapompapasa mgeni anasoma vipimo hivyo. Na pua anayo kwelikweli. Jeni za vipokezi vya harufu alizonazo nyuki ni kama 170, wakati nzi wa matunda ana sitini na kitu tu.

Tatizo ni hili: vipimo hivyo vinatoka wapi? Ingekuwa ni damu peke yake, mabinti wa malkia mmoja wasingeuana. Mwaka 2020 watafiti wakiongozwa na Cassondra Vernier na Yehuda Ben-Shahar, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, walichapisha jibu lao kwenye jarida la Science Advances. Walichukua nyuki waliotoka tu kwenye vyumba, ndugu wa mzinga mmoja, wakawapa bakteria tofauti wa tumboni. Walipokua, ngozi zao zilikuwa na harufu tofauti, na ndugu zao wakawaona wageni. Bakteria aliyejitokeza zaidi katika habari hiyo anaitwa Gilliamella.

Sasa kuhusu wachanga wako. Fundi anasema hawana harufu, na kwa macho ya mlinzi ni kama hivyo, maana vipimo vya mzinga havijakaa sawa. Vinakaa kadiri nyuki anavyokua, hadi anapofikia umri wa kutoka nje kutafuta maua. Lakini kuna jambo jingine. Nyuki anapotoboa kifuniko cha chumba na kutoka, tumbo lake halina karibu bakteria yeyote. Anawapata siku chache za kwanza humohumo ndani, kwa kulambana na wakubwa, kutembea juu ya masega, na hata kwa mabaki ya kinyesi cha wenzake. Haokoti maporini. Anarithishwa na nyumba.

Hili la mwisho nimeliona kwa macho. Ukimshika nyuki aliyekufa punde ukabana ncha ya tumbo penye mwiba kwa koleo ndogo, ukavuta taratibu bila pupa, utumbo unatoka wote mzima. Nyuma kabisa kuna kifuko kimejaa chavua ya njano. Saa za mapumziko pale maabara nilikuwa napaka kidogo kwenye slaidi, naweka rangi ya Gram ileile tunayotumia kwa makohozi na usaha. Kwenye utumbo mwembamba unaona vijiti vya waridi vimebanana ukutani, hao ndio kina Gilliamella na mwenzake Snodgrassella. Ukienda kwenye kile kifuko cha nyuma rangi inageuka, zambarau tupu, jamii ya Lactobacillus, ndugu wa wale wanaogandisha maziwa. Nyuki aliyetoka chumbani asubuhi hiyo slaidi yake ni tupu, chavua yenyewe hamna. Daktari mmoja alinikuta nimeinamia hadubini akauliza ni mgonjwa wa wodi gani.

Kwa nini nusu mbili za kundi moja zitofautiane baada ya kukaa kando? Hapa nakisia, sikufichi. Ng'ambo ya mto wamekula maua mengine, chavua nyingine, wamejenga nta mpya. Chakula kikibadilika wakazi wa tumboni nao hubadilika uwiano. Rudi nao nyumbani, vipimo havilingani tena.

FundiMizinga

Mama, heshima yako. Ila nikuulize. Ukimchukua nyuki ukamweka na kipande cha sega la mzinga mwingine kwa muda mfupi tu, ukamrudisha kwao, wanamkataa. Hiyo nimeiona mwenyewe. Ndani ya muda huo bakteria gani wamebadilika tumboni?

MamaItigi

Hakuna, na swali ni zuri. Hilo la nta lilishafanyiwa kazi na Michael Breed wa Chuo Kikuu cha Colorado tangu miaka ya 1980 na 1990. Nyuki akigusana na sega anaokota asidi za mafuta za ile nta, na walinzi wanazinusa. Kwa hiyo nta ipo, sikuiondoa.

Ninachokataa ni kusema nta basi. Wale wa jaribio la 2020 walikuwa ndugu wa mzinga mmoja, kilichotofautishwa ni bakteria, na harufu ikatofautiana. Harufu ya nyumbani inajengwa na vitu zaidi ya kimoja, na wewe fundi umetaja kile kinachopakwa kutoka nje. Mimi nazungumzia kile kinachopikwa ndani.

Halafu tusibebwe na kila habari ya bakteria. Mwaka 2010 watu wa Tel Aviv, kina Gil Sharon na Eugene Rosenberg, walieleza kwamba nzi wa matunda waliolishwa chakula tofauti walichagua wachumba waliokula kama wao, na dawa ya kuua bakteria ikafuta uchaguzi huo. Habari ilizunguka dunia. Mwaka 2017 wengine wakarudia jaribio na hawakuona kitu hicho. Mimi kwa upande wa nyuki nimeridhika zaidi kwa sababu maisha yao yenyewe ni ya kulishana mdomo kwa mdomo, njia ya bakteria iko wazi kila saa.

Mwalimu_Kitui

Hamjambo nyote. Mimi ni mwalimu wa bayolojia huku Kitui, nyuki sina ila nimefurahia mjadala. Kama mnataka mfano usio na ubishi mwingi, angalieni nzige wa jangwani.

Wale walioingia Kenya mwisho wa 2019 walifika kwetu mwanzoni mwa 2020. Wakuu wa vijiji walikuwa wakipigisha watu madebe, watoto wakaacha masomo wakakimbilia mashamba ya mtama na pojo. Walipoondoka chini kulikuwa na vinyesi kama punje za mchele mweusi, na ukiviokota vina harufu ya kitu kilichofukizwa moshi. Wanafunzi wangu walifikiri kuna mtu amechoma majani.

Mojawapo ya kemikali zinazonukia hivyo inaitwa guayakoli, na imo pia kwenye moshi wa kuni. Kwa nzige ni sehemu ya harufu inayowafanya wakusanyike pamoja. Mwaka 2000 Rod Dillon na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, waliandika kwenye jarida la Nature kwamba nzige hajitengenezei guayakoli hiyo. Anakula jani, kwenye jani kuna asidi ya vanili, na bakteria wa tumboni, hasa Pantoea agglomerans, wanaigeuza kuwa guayakoli. Nzige waliofugwa bila bakteria kabisa, kinyesi chao hakikuwa nayo.

Mende wale wadogo wa jikoni nao ni vivyo hivyo. Wanakusanyika nyuma ya jiko kwa kufuata harufu ya kinyesi cha wenzao, na mwaka 2015 Ayako Wada-Katsumata na Coby Schal wa North Carolina walionyesha kwamba kinyesi cha mende asiye na bakteria hakiwavuti wenzake vizuri.

Kwa hiyo rafiki wa Sikonge, tumbo na pua vina undugu wa karibu sana kwa wadudu.

Jambo moja nilitaka kumwongezea kuhusu mlangoni. Je, uliona kama waliopigwa walikuwa wamerudi mikono mitupu? Nimesikia wafugaji wa Mwingi wakisema nyuki aliyepotea akiwa na shehena ya mbochi (maji matamu ya maua) au chavua anapokelewa bila maswali.

MwanaManzuki (Sikonge)

Shikamoo mama Itigi, na asante mwalimu, asante fundi. Kweli mwalimu, sasa ukisema nakumbuka waliobeba chavua miguuni waliingia. Waliopigwa walikuwa wale wa mapema asubuhi, wanatoka kuzoea mazingira, hawajabeba kitu. Na maua yalikuwa yameanza kuisha, kwa hiyo walinzi walikuwa wakali kuliko kawaida.

Mama, nimeelewa bakteria wanabadilisha harufu anayotoa nyuki. Kijana wangu anauliza kinyume chake: wanabadilisha pia vile anavyonusa? Yaani pua yenyewe?

MamaItigi

Marahaba mwanangu. Huyo kijana asiishie kidato cha nne.

Nitajibu kwa jaribio ambalo unaweza kulifanya mezani kwako. Mpoze nyuki kwenye barafu mpaka azubae, mwingize kwenye kipande cha mrija wa soda kichwa kikiwa nje, mfunge shingoni kwa kijitepu. Akizinduka mgusishe maji ya sukari kwenye papasi. Ulimi unachomoka papo hapo, hilo halifundishwi. Sasa mpulizie harufu fulani, tuseme karafuu, halafu sukari mara moja. Rudia, ukimpumzisha katikati. Baada ya muda unapuliza karafuu tu, sukari hujaleta, na ulimi unatoka wenyewe. Amejifunza. Wapo wanaoshika haraka, wapo wazito, kama darasa la mwalimu wa Kitui.

Mwaka 2022 watafiti wa China walichapisha kwenye Nature Communications matokeo ya jaribio la namna hiyo. Nyuki wasio na bakteria walikuwa wazito wa kujifunza na kukumbuka harufu. Waliorudishiwa Lactobacillus, wale wa zambarau niliowataja, wakafanya vizuri zaidi. Maelezo yao ni kwamba bakteria hao wanachukua triptofani, kirutubisho kimojawapo cha protini, wanaigeuza kuwa kemikali nyingine ambazo zinafika kwenye mwili wa nyuki na kuamsha jeni fulani. Kwa hiyo mimi nisingesema pua imebadilika. Papasi ni zilezile. Kilichobadilika ni kile nyuki anachokifanya na harufu baada ya kuinusa, yaani kuihusisha na chakula na kuikumbuka.

Kuna na hili la sukari. Kina Hao Zheng na Nancy Moran wa Texas walionyesha mwaka 2017 kwamba nyuki mwenye bakteria wake anaitikia hata maji yenye sukari kidogo kuliko yale yanayomwamsha asiye nao, na anaongezeka uzito. Kwa mfugaji hilo si dogo: nyuki asiyeona utamu kwenye mbochi mwepesi atalipita ua.

Angalizo: nyuki waliotumika huko ni wa kwao. Wetu ni spishi hiyohiyo, Apis mellifera, na hao wakazi wakuu wa tumboni ni walewale, ila hawa wa miombo wana hasira zao na tabia zao za kuhama. Ningependa kuona mtu anafanya jaribio la walinzi hapahapa kwetu.

FundiMizinga

Haya mama, nimekubali nusu yako ukiniachia nusu yangu. Nimemaliza fremu za mteja leo, kesho natafuta mrija wa soda.

AsaliMbichi

Hakuna aliyenijibu bei. Ila nina swali la maana sasa. Duka moja la dawa za mifugo la hapa nilipo linauza oksitetrasaiklini ya unga, ile ya kuku, na muuzaji anawaambia wafugaji waichanganye kwenye maji ya sukari wakati wa kiangazi "kuimarisha kundi". Kuna jirani yangu ameanza. Kwa haya mliyoandika, si anawaua hao bakteria?

MamaItigi

Ndiyo, anawaua, tena bila kuchagua. Kasie Raymann na Moran walijaribu mwaka 2017 kwa tetrasaiklini, dawa ya jamii hiyohiyo. Waliwapa nyuki dawa kwa siku chache, wakawatia alama, wakawarudisha mzingani pamoja na ambao hawakupewa. Waliokunywa dawa walipungua kwa kasi kuliko wenzao, na hata wakiwekewa vijidudu vya magonjwa walishindwa kujikinga sawasawa.

Hiyo dawa ina kazi yake huko Marekani kwa ugonjwa wa kuoza majana, yaani watoto wa nyuki walio bado vyumbani, kwa maelekezo. Kumpa nyuki asiyeumwa ni kumfukuza mpangaji anayekulipia kodi. Na usisahau inabaki kwenye asali. Wanunuzi wa Ulaya wanaipima, wakikuta mabaki shehena nzima inakataliwa, hata ya yule ambaye hakuweka kitu.

Mwambie jirani kama nyuki wake wamedhoofika kiangazi, aangalie kwanza kama hakuvuna asali yote bila kuwaachia chakula. Aache masega ya pembeni na maji karibu. Na kama ana kundi dhaifu anataka kulitia nguvu, achukue fremu yenye majana yaliyofunikwa kutoka mzinga imara wenye afya, akung'ute nyuki wakubwa wote wabaki kwao, aiingize. Watakaotoka humo watakuwa watupu tumboni, watalishwa na wenyeji, watanuka kama wenyeji, na walinzi hawatakuwa na neno nao. MwanaManzuki, na wewe fanya hivyohivyo. Moshi kidogo, jioni, usiwe na haraka.

Bei ya lita niulize mimi kwa ujumbe wa faragha, hapa wataniibia wateja.